MJADALA: Mashairi ya msiba ya Rückert, yalistahili kuchapishwa?

Kalamu Butu (mleta mada):
Wakuu, wapenzi wa ushairi njooni hapa. Friedrich Rückert, Mjerumani, mwalimu wa lugha za mashariki pale Erlangen. Desemba 1833 homa ya vipele vyekundu ilimchukua bintiye Luise, miaka mitatu. Januari 1834, hata arobaini ya binti haijafika, ikamchukua na Ernst, miaka mitano. Baba akaandika mashairi 428 ya kuwalilia. Hakuyatoa kitabu. Alikufa 1866, kitabu kikatoka 1872. Walioyatoa walitenda haki? Mimi nasema hapana. Mtu akikaa na kitu ndani miaka thelathini na ushee, anajua kwa nini.

Mizani 16:
Asingetaka yasomwe angeyachoma. Jiko si lilikuwepo? Halafu bila kitabu hicho Mahler, yule mtunzi wa muziki, angepata wapi maneno ya zile nyimbo zake tano, alizotunga baada ya kufiwa na mwanawe?

Mtoto wa Kisiwani:
Hapo umechapia mkuu. Nyimbo alianza 1901, akamaliza 1904. Binti yake alikufa 1907. Alitunga kwanza, msiba ukaja baadaye.

Mizani 16:
Haya, tarehe nimechapia, hoja ipo palepale. Na huyu si mtu wa kuonea aibu karatasi. Kaingiza ghazali, mashairi ya Kiajemi, kwenye Kijerumani, kafasiri makama, zile hadithi za Kiarabu za Hariri, 1826 na michezo yake yote ya maneno, mpaka Qurani kaifasiri kwa saji, nathari yenye vina, vina vinasikika. Sisi huku masheikh wetu wametuachia nathari kavu.

Shehe Kibandani:
"Nathari kavu"? Hebu rudia. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alikuwa na Kiswahili cha Unguja kinywa kizima. Angetaka vina, vingemwagika kama mvua ya masika. Tafsiri yake ya Qurani ya 1969 ni ya mtu kufahamu maana, siyo ya kutikisia kichwa.

Kalamu Butu:
Wakuu, tunazungumzia mashairi ya msiba.

Mtoto wa Kisiwani:
Tena Rückert hakuifasiri Qurani yote, ni sehemu alizochagua, na ilitoka 1888 yeye yuko kaburini. Naona wenzake walikuwa na tabia ya kumfungulia droo. Kama ni kuhesabu nani katangulia, kwa Kiswahili iliyotangulia kutoka nzima ni ya padri, Godfrey Dale, 1923.

Shehe Kibandani:
Nilijua tu padri ataletwa. Kwenye mjadala wa Qurani hakosi kuletwa padri.

Mtoto wa Kisiwani:
Mimi nimetaja mwaka shehe, sijakwambia umsome.

Dada wa Ngazija:
Mimi Kijerumani nakisoma kidogo. Rückert na kina ni kama samaki na maji, hilo halina ubishi. Ila msimpambe kupita kiasi. Kile kitabu chake cha nyimbo za Kichina cha 1833 alikitoa kwenye tafsiri ya Kilatini. Kichina chenyewe hakukigusa.

Mizani 16:
Mwenye vina hashindwi kitu. Nipe mstari wowote wa Mjerumani wako, nakurudishia na mizani kamili.

Dada wa Ngazija:
Chukua wimbo wa kwanza wa Mahler. Maana yake tupu: "Sasa jua linataka kuchomoza kwa mwanga mkali, kana kwamba usiku hakukutokea balaa lolote."

Mizani 16:
*Jua lachomoza tena, ling'avu kama zamani,*
*Mithili ya kwamba jana, hakukufiwa nyumbani.*
Nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho. Chai nitaletewa wapi?

Shehe Kibandani:
Hiyo "zamani" umeitoa wapi? "Nyumbani" je? Usiku nao umegeuka jana kwa sababu ulikuwa unatafuta -na. Maneno matatu kwa mistari miwili! Sasa ukapige useremala huo kwenye aya. Ndicho nilichokuwa nakisema, ahsante kwa kunisaidia.

Mizani 16:
Usiku wa kuamkia leo si jana?

Shehe Kibandani:
Kwetu magharibi ikiingia siku imeshageuka. Kwako sijui.

Mama Wawili:
Nimewasoma tangu juu. Kijerumani sina. Nina kaunta buku ya kwaya mbili, jalada limetafunwa na panya. Nilianza kuiandika baada ya arobaini ya mwanangu. Wala siyo mashairi, namweleza mambo. Leo umeme umekatika tumekula gizani. Leo mdogo wako kang'oka jino. Baba yao anajua ipo, akitafuta kitu kabatini anairuka. Huyo Mizani anasema asiyetaka yasomwe huchoma. Kiberiti nimewahi kukishika, siku moja. Nikaona nitakuwa namzika tena, nikaenda kukoka jiko la chai. Sikuiweka ili isomwe, wala sikuificha isisomwe. Ipo tu.

Mizani 16:
Mama, nisamehe. Ile ya jiko naifuta.

Dada wa Ngazija:
Mama, katika zile tano upo mmoja anaongea na binti aliyekufa. Mama mtu anaingia mlangoni na mshumaa. Baba anageuka kumtazama, lakini macho hayaendi kwanza usoni kwa mama. Yanashuka chini, karibu na kizingiti, pale ambapo uso wa mtoto ungetokea.

Mama Wawili:
Kimo cha mtoto. Mie hadi leo nikifungua mlango natazama hapo.

Kalamu Butu:
Mama, kwa hiyo nikuulize wewe mwenyewe. Siku ukiondoka, wakiikuta waitoe?

Mama Wawili:
Huyo wa jino ana miaka kumi na moja sasa, ataamua yeye. Ila wakianza na ile ya siku ya umeme nitafurahi. Tulicheka sana siku ile, mchuzi ulitiwa sukari.

Shehe Kibandani:
Pole mama, Mungu akujaalie subira. Mizani, "zamani" bado hujanijibu.