GPL 2 pekee na OpenSSL 3: leseni zinapatana?

Swali: Programu yangu ina GPL, leseni ya programu huria, toleo la 2 pekee. Nikiiunganisha na OpenSSL 3.0 (maktaba ya usimbaji fiche), naruhusiwa kuisambaza?

Jibu: Hapana, ndugu. OpenSSL 3.0, iliyotoka 2021, hutumia leseni ya Apache 2.0, na masharti yake ya hataza (patent) yanagongana na GPL 2. GPL 3 inayakubali. Soma vichwa vya faili zako: pakiwa na "au toleo la baadaye", sambaza chini ya GPL 3.

Jibu: Kama ni 2 pekee kweli, ongeza ruhusa maalumu ya kuunganisha na OpenSSL. Lazima kila mwenye hakimiliki akubali, hata aliyechangia sehemu ndogo. Hapo ndipo miradi mingi hukwama.

Jibu: Afadhali ubadili maktaba. Mbed TLS 3.6, nayo ya usimbaji fiche, hukuruhusu kuchagua GPL 2. Libsodium ina leseni ya ISC, inapatana vizuri na GPL 2, lakini haina TLS (itifaki ya kulinda mawasiliano mtandaoni).