Ulinzi shirikishi unakufa mtaani kwetu, watu wanaogopa kupeleka taarifa polisi. Naombeni ushauri

Mkazi_Pembezoni
Wakuu habari zenu. Niko Dar, huku pembezoni, mtaa sitautaja. Vibaka wanakaba watu alfajiri, hasa wamama wanaowahi samaki Feri na vijana wa Kariakoo, saa kumi na nusu mtu anatoka kwenda stendi anapigwa roba anaachwa hana simu wala mtaji. Tulianzisha ulinzi shirikishi, kila kaya elfu mbili kwa mwezi, filimbi na tochi tukanunua, mwanzoni mambo yakatulia kabisa. Sasa hivi watu hawachangi na hawasemi kitu. Sababu kubwa naijua, kuna mama alienda kituoni kumtaja kijana aliyemkaba, akahojiwa palepale kaunta kwa sauti, na kwenye benchi kakaa ndugu wa huyo kijana. Jioni ileile wakamfuata kwake kumtisha. Tangu hapo kila mtu anasema mimi sijaona. Tufanyeje watu wawaamini tena polisi?

Katibu_Mstaafu
Pole sana mkuu na huyo mama mpe pole. Nimekuwa katibu wa ulinzi wa mtaa muda mrefu, nakwambia taarifa za majina zisianzie kaunta. Kila kata siku hizi ina mkaguzi wake wa polisi, mtafuteni huyo, namba yake ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, na mtu akiwa na jambo aombe kuongea naye pembeni au ampigie. Tangu enzi za IGP Said Mwema, aliyekuwa mkuu wa jeshi la polisi, tunaambiwa polisi jamii, yaani polisi na wananchi washirikiane, ila polisi jamii bila siri haiendi. Halafu vijana wa doria wapitishwe na mkutano wa mtaa, majina yapelekwe kituoni, na hela isomwe hadharani imeingia ngapi imetoka ngapi. Watu wakishahisi hela inaliwa hawachangi hata uwaambie nini.

mama_Nasra
Mi naongezea, angalieni wanapojificha. Kwetu walikuwa wanakaa kwenye pagale moja karibu na njia ya stendi, mwenyekiti akamtafuta mwenye kiwanja akaziba milango kwa tofali, majirani tukakubaliana taa za nje ziwake mpaka kupambazuke. Na wamama wa alfajiri tunatoka kwa kundi, doria inatusindikiza mpaka barabarani. Doria ya saa sita usiku inayoenda kulala saa tisa haitusaidii sisi.

Wakili_wa_Mtaa
Mwambieni huyo mama vitisho navyo ni kosa, akafungue jalada lingine apewe RB, ile namba ya taarifa yake kituoni, asikae kimya. Ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, kituo kikipuuza aende kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), aende na mwenyekiti wake. Na vijana wenu wa doria wafundishwe, raia anaweza kumkamata mtu aliyemuona anafanya kosa kubwa lakini amkabidhi polisi bila kuchelewa. Wakimpiga mpaka afe hiyo ni kesi ya mauaji na ulinzi wenu umeishia hapo.

Jirani_Nairobi
Huku Kenya Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa wao, ilisukumwa sana baada ya shambulio la kigaidi la Westgate 2013, tuliiga kwenu. Pale ilipokwama ni hapohapo kwenye siri, watu walidhani jirani anatumwa kuwachunguza. Kwetu ilifufuka OCS, mkuu wa kituo cha polisi, alipoanza kuja mwenyewe kwa mkutano na kujibu ile kesi ya mwezi jana imefika wapi. Mwiteni wenu aje.

Mkazi_Pembezoni
Asanteni sana wote. Mama Nasra hilo la muda wa doria umenifungua macho, yetu kweli inaisha saa tisa. Jumapili kuna mkutano wa mtaa, nitaomba mkaguzi wa kata aalikwe na huyo mama nitampeleka kwa OCD pamoja na mwenyekiti kama ataridhia. Katibu, kama bado una mfano wa daftari la zamu nitumie inbox.