Mjadala: Shule za msingi za kata yetu ziko mikononi mwa nani?

Mzazi wa Darasa la Sita

Wanakata wenzangu, naomba tulijadili jambo hili kabla ya mkutano wa wazazi. Kata yetu iko pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, mahali ambapo zamani palikuwa mikorosho mitupu na leo ni nyumba juu ya nyumba, na ina shule tatu za msingi za serikali ambazo mtu wa bodaboda anazimaliza zote ndani ya robo saa. Zote ziko chini ya mkurugenzi mmoja wa manispaa, zinasimamiwa na Afisa Elimu Kata mmoja, zinapokea ruzuku kwa kiwango kilekile na zinafundisha mtaala uleule. Hata hivyo, ukifungua matokeo ya darasa la saba kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani na kuutazama ule mstari wa wastani wa shule katika alama 300, utadhani unasoma habari za mikoa mitatu tofauti. Inayofanya vizuri ni ile ambayo wazazi wake walikubaliana kuchangia uji na mitihani ya kila wiki, na fedha zikashikwa na wazazi waliomo kwenye kamati badala ya kupitia ofisi ya mwalimu mkuu. Swali langu ni hili: je, kamati za shule zote tatu ziachiwe kuendesha michango kwa namna hiyo, au tuendelee kuisubiri manispaa? Pamoja na hayo, nadhani umefika wakati walimu waache kuwauzia watoto barafu na visheti, maana mwanangu anazijua bei za barafu kuliko jedwali la kuzidisha.

Chaki Mkononi

Nililisoma andiko hili kwa heshima zote mpaka nilipofika kwenye barafu. Mimi ni mwalimu katika mojawapo ya shule hizo. Darasa langu lina watoto zaidi ya mia moja, wakati kiwango kilichowekwa na serikali ni wanafunzi 45. Wanakaa wanne kwenye dawati la watatu, na yule wa pembeni huandika akiwa ameweka daftari juu ya paja kwa sababu meza haimfikii. Madaftari hayo nayasahihisha mpaka usiku, kwa kalamu nyekundu niliyoinunua mwenyewe, na sijawahi kumwona mzazi aliyefika ofisini kuulizia habari za kalamu hiyo. Ndoo yangu ya barafu, hata hivyo, imekuwa hoja ya kata nzima. Ndugu mzazi, barafu hizo huuzwa wakati wa mapumziko ya saa nne, chini ya mwembe, wala si darasani, na mtoto huzinunua kwa sababu ametoka nyumbani bila kunywa chai.

Mama Mapacha

Mwalimu, pole na kazi, lakini hapo kwenye chai umetuonea. Wanangu hawatoki nyumbani bila kutia kitu tumboni, hata kama ni kiporo cha jana, na bado wanarudi wakililia hela ya barafu. Shida si barafu yenyewe. Shida ni kwamba anayeuza ndiye anayesahihisha, ndiye anayepanga viti na ndiye anayeandika ripoti ya mwisho wa muhula. Binti yangu alinieleza kwamba mwalimu wake huuliza nani amekuja na hela kabla hata ya kuita majina. Mtoto asiye na shilingi mia anajifunza nini katika dakika hiyo?

Mlipakodi

Mnabishana kuhusu ndoo huku ng'ombe mzima anachinjwa nyuma ya nyumba. Elimu ni bila ada tangu awamu ya tano ilipoingia, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za serikali, tena kwa maneno makali ambayo kila mtu aliyasikia. Kwa hiyo huo uji na hiyo mitihani ya wiki ni kinyume cha agizo, na aliyeuanzisha utaratibu huo anapaswa kuulizwa maswali. Serikali inaleta shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye watoto elfu mbili inapata milioni ishirini. Zinakwenda wapi?

Mkaguzi wa Mtaani

Ndugu Mlipakodi, hesabu yako ina shimo. Ni kweli kwamba ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini 4,000 kati ya hizo hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na zinazokusudiwa kufika shuleni ni 6,000. Hiyo ni shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto mmoja, yaani bei ya chapati, na ndani yake inatakiwa itoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa bawaba za milango na gharama za ofisi. Kiwango hicho kilipangwa katika mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002, kikiwa ni dola kumi za Marekani, wakati dola moja ilikuwa inakaribia shilingi elfu moja. Dola imepanda, chaki imepanda, idadi ya watoto imepanda, na elfu kumi imebaki palepale.

Kuhusu michango, Waraka wa Elimu namba 3 wa 2016 uliacha sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa kuwa wajibu wa mzazi. Na katika lile agizo la 2018 ilielezwa kwamba mwenye moyo wa kuchangia apeleke mchango wake kwa mkurugenzi, ili mwalimu asishike fedha ya mzazi. Sasa tazameni tulipofika: shule pekee inayotajwa humu kuwa inafanya vizuri ndiyo inayoendesha fedha kwa njia ambayo haimo katika waraka wala katika agizo. Hilo ndilo ningependa lijibiwe.

Mlipakodi

Nashukuru kwa somo la uhasibu. Hata tukiondoa za vitabu, elfu mbili mara elfu sita ni milioni kumi na mbili, na milioni kumi na mbili si fedha ya kupotelea kwenye bawaba. Lakini kabla hujaendelea kutufundisha, Mkaguzi, tuambie: lile basi la njano linalosimama mbele ya geti lako kila alfajiri linambeba nani? Maana mtu ambaye watoto wake wanasoma shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza anajadili shule zetu kama mtalii.

Mkaguzi wa Mtaani

Basi hilo linawabeba wanangu, na ada yake naitoa mfukoni mwangu baada ya kulipa kodi ileile unayoilipa wewe. Nimelipia shule mara mbili na ninatumia mara moja. Kama kuna mwenye haki ya kuuliza, ni mimi. Tena ingekuwa vyema ukatueleza wewe unayejiita mlipakodi ni mkutano gani wa wazazi uliwahi kuhudhuria mpaka ukafungwa, kwa sababu mimi mtalii nimekuwa nikikaa nyuma pale kwenye viti vya plastiki na sijawahi kukuona.

Chaki Mkononi

Mabasi ya njano yanapita mbele ya shule yetu saa kumi na moja na nusu asubuhi, na ndani yake wamo watoto wa maofisa wenye vikao vya kutupangia sisi mikakati ya ufaulu. Mwanangu mimi yuko hapahapa, darasa la nne. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba kuna mtu katika mjadala huu anayekula anachokipika.

Mama Mapacha

Na anayeuza anachokigandisha.

Babu wa Kamati

Wanangu, punguzeni moto. Nilikaa katika kamati ya shule kwa vipindi viwili na nitasema nilichokiona. Watu wanadhani shule inaendeshwa na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati, anasaini hundi na kupokea posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na lawama zote ni zake. Hawezi kumwajiri mwalimu, wala kumhamisha, wala kumzuia anayeondoka kumfuata mwenza wake. Wanaomkagua ni wathibiti ubora wa Wizara ya Elimu, wanaompangia watu na fedha ni TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia manispaa, na akikosea anajibu kote kuwili. Fedha za darasa jipya zinapoingia kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule inajenga yenyewe kwa mafundi wa mtaani, anageuka mhandisi. Mwalimu wetu mkuu mmoja alikuwa akiacha kipindi chake cha hisabati ili akasimamie kokoto zishushwe, kwa sababu lori lingeondoka na nusu ya mzigo asingekuwepo.

Hili la wastani nalo mnalisema kijuujuu. Shule inayosifiwa iko kando ya lami. Mwalimu anashuka daladala na kuingia darasani. Shule ya bondeni, ambayo hamkuitaja, inataka bodaboda kwenda na kurudi, na masika yakianza daraja la mbao halipitiki mpaka maji yapungue. Kila mwalimu anayepangwa kule anaandika barua ya kuhama kabla hajaumaliza mwaka, na walimu wa lami wanarundikana mpaka hawana viti vya kukalia ofisini. Kuhusu vyoo, kanuni ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Nendeni bondeni wakati wa mapumziko mkaione foleni, kisha mrudi kuniambia kwamba tofauti yetu imeletwa na uji.

Mama Mapacha

Shikamoo babu. Hayo ya bondeni ni kweli, sisi wa huko tunayaishi. Ila naomba nikuulize kwa adabu, kwa kuwa umesema mwenyewe kwamba ulikuwa kamatini: kwa nini katika vipindi vyako viwili hatukuwahi kuona taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo? Ubao wenyewe upo, na nakumbuka ulikuwa na tangazo la kupotea kwa mbuzi.

Babu wa Kamati

Marahaba. Taarifa zilisomwa mkutanoni na zikapigiwa makofi. Walioondoka mapema hawakuzisikia.

Mzazi wa Darasa la Sita

Naona swali langu limezama. Labda niliulize kwa namna nyingine. Kama wazazi wenye uwezo wanakimbilia mabasi ya njano kwa sababu ya Kiingereza, kwa nini tusiiombe manispaa iigeuze shule ya kando ya lami kuwa ya mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond pale Upanga, ambazo ni za serikali na wazazi hulipa? Fedha zingepita mahali panapojulikana, na Mkaguzi angewarudisha watoto wake nyumbani.

Mkaguzi wa Mtaani

Kwa hilo ningewarudisha kesho. Mtoto akifika kidato cha kwanza masomo yanabadilika kuwa ya Kiingereza kwa siku moja, na wa shule zetu hupoteza mwaka mzima akitafuta maana ya maswali ambayo majibu yake anayajua.

Mlipakodi

Kumbe sasa kulipa ni sawa, mradi jina libadilike na hadhi ipande? Jana ilikuwa bila ada, leo mnaijadili ada yenyewe bila aibu.

Mama Mapacha

Wanangu wawili walihamishiwa shule ya lami mwaka jana baada ya kusota bondeni. Ikigeuzwa na mimi sina cha kulipa, watapelekwa wapi? Naomba anijibu aliyeleta hoja, si mwingine.

Mzazi wa Darasa la Sita

Nadhani manispaa ingeweka utaratibu wa kuwahamishia shule nyingine mbili za kata.

Chaki Mkononi

Mimi niko katika mojawapo ya hizo mbili. Nimeshataja idadi ya watoto wangu, na hakuna aliyeigusa. Huyo atakayewahamisha aje kwanza na madawati, kisha tuzungumze habari za Kiingereza.

Mlipakodi

Na ndoo ya barafu utaiongeza?