Wanafunzi wa Kiholanzi na vitenzi vya Kiingereza: niwaelezeje "do" na "did"?

Mwalimu wa Rau, Moshi

Habari za jioni, walimu wenzangu. Ninafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Moshi, na tangu Januari ninawafundisha nyumbani, jioni tatu kwa wiki, watoto wawili wa familia ya Kiholanzi, mmoja wa miaka 11 na mwingine 13. Msamiati wao unakua haraka, kwa kuwa maneno mengi ya lugha hizo mbili yanafanana. "Water" na "hand" huandikwa vilevile katika zote mbili. Kinachonikosesha usingizi ni vitenzi. Mkubwa huniuliza, "Work you tomorrow?" na mdogo husema, "I know it not." Nikiwasahihisha wanaongeza "do", lakini kitenzi kikuu wanakiacha katika wakati uliopita, hivyo ninapata "Did you went?" Husema pia "I have seen him yesterday", tena bila kusita. Mazoezi niliyoyazoea yalitungwa kwa ajili ya Mswahili, na hawa hayawagusi. Kiholanzi sikijui. Naomba anayefahamu anieleze makosa haya yanatoka wapi, na namna ya kuyaeleza ili mtoto aelewe, asikariri tu.

Msomaji wa Njiro, Arusha

Pole na kazi, Mwalimu. Niliishi Uholanzi miaka miwili kwa masomo, na makosa unayoyataja ni Kiholanzi kilichovikwa maneno ya Kiingereza. Katika lugha yao kitenzi chochote kinaweza kuruka mbele ya mtenda ili kuuliza swali: "jij werkt" inakuwa "werk jij?", na hapo ndipo "Work you" inapozaliwa. Ukanushi hufanywa kwa neno "niet", ambalo katika sentensi fupi kama hizi hukaa baada ya kitenzi na yambwa: "Ik weet het niet", yaani "I know it not", neno kwa neno. Kitenzi "doen" wanacho, lakini maana yake ni kufanya, wala hakitumiki kusaidia kuuliza au kukanusha kama "do" ya Kiingereza.

Sikiliza vizuri utagundua kwamba hawakosei katika "Are you tired?" wala "Can you swim?" Mimi ningeanzia hapo. Waambie kwamba Kiingereza nacho kinaruhusu kuruka, ila ruhusa wamepewa wachache: "be", "have" inaposaidia kitenzi kingine, "can", "will", "must" na wenzao. Kitenzi cha kawaida hakiruki. Kikikosa msaidizi, ndipo "do" inaitwa ije kuruka kwa niaba yake. Wakianza kusema "Yesterday went I to the market", usishangae, kwa maana katika sentensi yao ya maelezo kitenzi hushika nafasi ya pili, hata neno la kwanza likiwa "jana".

Mwalimu mstaafu, Sakina

Mwanangu wa Rau, hongera kwa kutafuta chanzo cha kosa kabla ya kulikemea. Maelezo ya ndugu yangu wa Njiro ni sahihi, lakini hayatibu "Did you went?", kwa sababu kosa hilo si la Kiholanzi. Ni la mtu aliyekwisha kujifunza kanuni nusu, na wanafunzi wetu wa Kiswahili hulifanya vilevile.

Tazama lugha yetu. "Alifika" tukiikanusha inakuwa "hakufika": -li- inaondoka na -ku- inakaa mahali pake. Hakuna mtoto wa Moshi anayesema "hakulifika", maana wakati uliopita hutajwa mara moja tu katika kitenzi. Kiingereza kina utaratibu wa jamaa na huo. "Did" ikishaubeba wakati uliopita, kitenzi kikuu kinarudi katika umbo lake la msingi. Na "does" ikishabeba -s ya nafsi ya tatu, "works" inabaki "work".

Nilipokuwa darasani nilitumia kadi. Kadi moja iliandikwa "work" na nyingine "ed", na mwanafunzi aliichukua "ed" kwa mkono wake akaipeleka kwa "do", wote wakiona kwamba "work" imebaki tupu. Ugumu uko kwenye "went", "saw" na "bought", kwa sababu kadi ya wakati imefichwa ndani ya neno lenyewe. Hapo mtoto avunje kwanza: "went" ni "go" pamoja na wakati uliopita. Usiharakishe hatua hiyo. Mimi niliipa wiki mbili nzima.

Wasidhani kwamba wanasema jambo la ajabu. Kiingereza chenyewe kilikuwa hivyo zamani. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mathayo sura ya 26, Petro anakana katika mstari wa 72 kwa kusema "I do not know the man", na mistari miwili mbele anasema "I know not the man". Njia zote mbili zilikuwa hai wakati huo, kisha ile inayofanana na Kiholanzi ikafifia.

Kuhusu "I have seen him yesterday", Kiholanzi kinaikubali: "Ik heb hem gisteren gezien." Sisi tunaandika "nilimwona jana", kwa hiyo sikio lako litakusaidia. Ila jihadhari na wewe, maana tunasema "ninafanya kazi hapa tangu 2019", nao husema "Ik werk hier sinds 2019", ilhali Kiingereza kinadai "I have worked here since 2019". Katika shimo hilo mwalimu na mwanafunzi wanaweza kutumbukia pamoja.

Mwongoza wageni, Arusha

Shikamoo, mzee wetu. Naongeza moja. Mgeni wangu kutoka upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi alimwambia mpagazi, "You must not carry my bag." Kijana aliuweka mzigo chini akidhani amekosea jambo, kumbe mgeni alimaanisha kwamba si lazima aubebe. Kwao "moet niet" huwa na maana hiyo, ambapo Mholanzi angesema "hoeft niet". Kwa Kiingereza ni "don't have to". Nawasihi walimu wasiliache jambo hili hadi mwisho wa kitabu, kwa kuwa "usifanye" na "si lazima ufanye" ni maagizo yaliyo mbalimbali kabisa, na huku mlimani tofauti hiyo ni kubwa.

Mwalimu wa Rau, Moshi

Marahaba ya mzee nawaachia wakubwa. Mimi nami nasema shikamoo, Mwalimu, na ahsanteni nyote. Kadi nimezitumia Jumanne na Alhamisi. Mdogo alivunja "went" mwenyewe, kisha akaandika "Did you go?" bila kusaidiwa. Lakini mkubwa amenibana: kama "do" ni lazima, mbona tunasema "Who lives here?" na si "Who does live here?"

Msomaji wa Njiro, Arusha

Kwa sababu hapo "who" ndiye mtenda mwenyewe, amekwisha kukaa mbele ya kitenzi, na hakuna wa kurukwa. Mwandikie sentensi ya kwao, "Wie heeft Jan gezien?", umuulize nani alimwona nani. Atakuta ina maana mbili: nani alimwona Jan, au Jan alimwona nani. Sisi tunazitenganisha kwa mahali pa "nani". Kiingereza kinazitenganisha kwa "do": "Who saw Jan?" ni ya kwanza, "Who did Jan see?" ni ya pili.