Mjadala: Magodauni yakigeuzwa mtaa wa sanaa, fundi aliyemo aende wapi?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, kuna jambo limenikaa rohoni. Rafiki yangu mchoraji anataka magodauni ya zamani ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wengi bado tunaiita Pugu Road, yageuzwe mtaa wa sanaa: studio, migahawa, kumbi za muziki. Mfano wake ni Maboneng, Johannesburg. Mimi nimeishi Johannesburg miaka minne na Maboneng nilikuwa naenda karibu kila Jumapili. Nasema tusikubali kabla ya kujua waliomo humo sasa watakwenda wapi.

Kwa asiyepajua, Maboneng iko mashariki ya katikati ya jiji, ubavuni mwa Jeppestown, kwenye karakana na maghala yaliyochakaa baada ya makampuni mengi kuhamia Sandton, kaskazini mwa jiji. Mwaka 2009 Propertuity, kampuni ya majengo ya Jonathan Liebmann, ilifungua kituo cha sanaa cha Arts on Main ndani ya ghala la zamani. William Kentridge, mmoja wa wasanii wakubwa kabisa wa Afrika Kusini, akawa na studio yake hapo. Likafuata soko la Jumapili, sinema, na nyumba za kupanga ndani ya majengo ya viwanda. Jina lenyewe, kwa Kisotho, ni mahali penye mwanga.

Na palikuwa pazuri. Matofali mekundu, madirisha mapana ya fremu za chuma, na unatembea Fox Street na mtoto mkononi bila kugeuka nyuma, jambo ambalo katikati ya Joburg si dogo. Nilimshuhudia kijana akiuza mchoro wake wa kwanza pale, nikafurahi kana kwamba ni mdogo wangu.

Lakini ukivuka mitaa michache tu unakuta mafundi magari, hosteli za wafanyakazi, familia zilizojibana kwenye majengo yasiyo na maji. Machi 2015 wakazi wa Jeppestown waliandamana kupinga kuhamishwa. Sisemi Maboneng ndiyo iliyokuwa inawatoa wote. Ninachosema ni kwamba jengo moja likipanda thamani, la jirani nalo linapata mnunuzi, na huyo mnunuzi anataka kukabidhiwa jengo tupu. Kisha 2019 majengo mengi ya Propertuity yakapigwa mnada. Wasanii nao, kumbe, walikuwa wapangaji tu kama wale wa Jeppestown.

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu, hapa kwetu kuna mfano tofauti. GoDown Arts Centre ilianza 2003 katika godauni lililokuwa karakana ya magari, Dunga Road, Industrial Area. Haikuanzishwa na mfanyabiashara wa majengo. Ni watu wa sanaa wenyewe, Joy Mboya akiwa mbele, waliotafuta mahali pa kufanyia kazi. Wachoraji, wanamuziki na wacheza ngoma wakawa chini ya paa moja, na jirani wa karakana akaendelea na kazi yake. Hata nyinyi Dar mna kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza 2008 katikati ya viwanda vidogo. Msanii naye anahitaji karakana kama seremala. Usimfanye adui wa fundi.

Fundi samani, Keko

Mimi sina ugomvi na wachoraji. Naomba tu mjue kazi yetu ilivyo. Tuko saba kwenye karakana moja, mashine ya randa tunachangia. Mbao nachukua kwa jirani, sponji na kitambaa hatua ishirini, anayepaka vanishi yuko nyuma yangu. Mteja akikosa kitanda kwangu anakipata mlango wa tatu, na kesho huyo wa mlango wa tatu ananiletea wake. Ukinihamishia nje ya mji ukanipa pesa, umeninyang'anya hao wote. Halafu pesa yenyewe atapewa mwenye godauni. Mimi nilitoa kilemba, ile pesa ya kuachiwa nafasi, kuingia hapa na sina karatasi yoyote.

Mtanzania, Johannesburg

Mleta mada, naheshimu uchungu wako, ila umesahau upande mmoja. Tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, Albert Street, liliungua usiku, wakafa watu zaidi ya 70. Enzi za ubaguzi ilikuwa ofisi ya kutolea pasi, vile vibali vya kuwa mjini, kwa watu weusi. Ilikuwa mali ya jiji, na jiji liliiacha. Ndani vyumba vilikatwa kwa mbao, milango ya kutokea imefungwa. Watanzania wenzetu walikuwa wanaishi mle. Nilipita asubuhi yake na bado siwezi kuielezea. Jengo la zamani likikosa mtu wa kuliwekea maji, umeme salama na ngazi za dharura linaua. Kama mwekezaji ndiye atakayeyaweka, mimi namkaribisha.

Mleta mada

Pole sana, mkuu. Nakubali, jengo liwekwe sawa. Ila ukarabati na kufukuza ni mambo mawili, na Afrika Kusini hiyo hiyo imeshayatenganisha mahakamani. Desemba 2011, ilikuwa kesi ya Blue Moonlight, kampuni yenye jengo: watu 86 walikuwa wakiishi kwenye jengo la zamani la kiwanda na ofisi, Berea, Johannesburg. Mahakama ya Katiba ilimruhusu mwenye jengo kulichukua, lakini ikaliamuru jiji liwape hao watu makazi ya muda kabla hawajatoka. Cape Town, familia za Bromwell Street zilikuwa zikiishi nyuma tu ya Old Biscuit Mill, kiwanda cha biskuti kilichogeuzwa soko na maduka ya kisasa. Nyumba zao zikanunuliwa, wakatakiwa kwenda mbali. Desemba 2024 mahakama hiyo hiyo ikasema jiji liwatafutie makazi pale pale jirani, Woodstock, Salt River au katikati ya jiji.

Hicho ndicho ninachokitaka Pugu Road, na kiwepo kabla dalali wa kwanza hajaleta mteja: kila aliyemo, fundi, mama lishe, mlinzi anayelala humo, ahesabiwe, na apewe nafasi eneo lile lile.

Fundi samani, Keko

Kaka, mwaka jana tulikwenda ofisi moja kuuliza namna ya kujiandikisha. Wakataka barua ya mwenye jengo, na mwenye jengo hatoi. Sasa utanihesabu kwa karatasi gani?

Mleta mada

Kwa kukukuta kazini. Jumamosi nakuja na daftari, na yule rafiki yangu mchoraji nakuja naye. Tutaanzia mlango wako, tuandike kila mtu, anafanya nini na tangu lini.