MJADALA: Deni limeshaiva na anayekudai anakusubiri, unatoa fungu la kumi kwanza au unalipa deni kwanza?

Wapendwa habari za muda huu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana linagusa watu wengi kweli kweli na kila likiletwa linaishia watu kuitana majina. Mkristo kapokea hela yake ya mwezi, ana deni ambalo tarehe yake imeshapita, anayemdai anapiga simu haipokelewi, na Jumapili ndo hiyo inakuja. Hela haitoshi vyote viwili. Aanze na kipi?

Msimamo wangu nauweka mapema ili mtu asinitafute. Aanze na deni. Hela ambayo mwenzako anakudai na muda wake umeshafika, mimi siioni kama ni yako tena, iko mfukoni mwako tu lakini ina mwenyewe, sasa ukiitoa kanisani umetoa cha nani? Na nasema hivi nikiwa mtu ninayeamini katika kutoa na ninayetoa, kwa hiyo naomba nisijibiwe kama mpinga kanisa.

Ila tutenganishe kwanza maana madeni hayafanani. Mtu mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 20 na marejesho yake yanaenda vizuri, huyo deni lililoiva kwake ni rejesho la mwezi huu tu, akishalipa yuko huru kutoa kama mwingine yeyote. Ninayemsema mimi ni yule ambaye marejesho yamelala, au kakopa kwa rafiki akaahidi mwisho wa mwezi na miisho ya mwezi inapita tu, au kamfanyisha mtu kazi hajamlipa mpaka leo. Huyo wa mwisho ndo ananiuma zaidi.

Wanaonipinga huwa wanaanzia Malaki 3:8, "Je, mwanadamu atamwibia Mungu?" na mimi siukimbii huo mstari. Ila naomba mrudi juu mistari mitatu tu, msome mstari wa 5 wa sura hiyo hiyo. Mungu anasema anakuja kuhukumu, atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, halafu anawataja pamoja nao wale wanaomwonea mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Yaani anayeshikilia mshahara wa mtu kapangwa mstari mmoja na mchawi! Nimesikia mahubiri mengi sana ya Malaki 3 lakini huu mstari wa 5 unarukwa kama haupo. Kwa nini? Ni Mungu yule yule, sura ile ile, pumzi ile ile.

Na sio Malaki peke yake. Walawi 19:13 inakataza ujira wa mtu wa kazi kulala kwako mpaka asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema mpe siku hiyo hiyo kabla jua halijachwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautumainia huo ujira, asije akamlilia Bwana ikawa dhambi kwako. Yakobo anarudia kwenye Agano Jipya, 5:4, ujira uliozuiliwa unapiga kelele na vilio vimefika masikioni mwa Bwana. Hapa naomba tuelewane vizuri. Kuna mtu anakaa kiti cha mbele, anatoa fungu la kumi kamili bila kukosa, na nyumbani kwake kuna binti wa kazi anadai mshahara wa miezi mitatu, kuna fundi kamaliza kazi anazungushwa "njoo wiki ijayo". Huyu akisimama kushukuru kwa uaminifu wa utoaji wake, yule binti anaelewa nini kuhusu Mungu wetu? Mimi naamini Mungu anamsikiliza yule binti. Maandiko yamesema hivyo wazi, sijaongeza kitu.

Halafu kuna 2 Wafalme 4, mjane aliyeachwa na mume mcha Mungu, mwanafunzi wa manabii kabisa, ila kaacha deni na anayedai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza una nini ndani, anasema chupa ya mafuta tu. Muujiza unatokea, vyombo vinajaa. Sasa angalieni nabii anampa utaratibu gani wa matumizi: kauze mafuta, lipa deni, kinachobaki uishi wewe na wanao. Mafuta yenyewe yametoka kwa Mungu moja kwa moja, na mtumishi wa Mungu yuko palepale, angeweza kusema anza na fungu la madhabahu. Hakusema. Hilo mimi kwangu ni zito kuliko hoja zote.

Najua mtanijibu na mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, aliyeambiwa amtengenezee Eliya mkate kwanza ndo ale yeye na mwanae, na kweli unga haukuisha. Sawa, ila ule unga ulikuwa wake, hakuna mtu alikuwa anaudai, na Eliya alikuja na neno mahususi la Mungu kwa ajili ya nyumba ile. Huwezi kuchukua neno alilopewa mama mmoja wakati wa ukame ukalifanya utaratibu wa bajeti ya kila mshirika. Na yule wa senti mbili kwenye Luka 21 ni hivyo hivyo, Yesu anasema alitia vyote alivyokuwa navyo, vyake. Tena mistari inayotangulia pale mwisho wa sura ya 20 Yesu anawaonya watu kuhusu waandishi wanaokula nyumba za wajane, hiyo nayo huwa haisomwi pamoja.

Sasa twende kwenye hesabu kidogo maana kuna watu wanadhani deni linakaa tu linakusubiri. Ile mikopo watu wanaiita kausha damu, ya asilimia 10 kwa mwezi, ukikopa 100 usilipe chochote na riba ikawa inazaa juu ya riba, baada ya miezi 12 unadaiwa karibu 314. Mara tatu na zaidi ndani ya mwaka mmoja. Hata ile inayoonekana ya upole ya asilimia 2 kwa mwezi, ukiiacha inajizidisha mara mbili ndani ya miaka mitatu. Kwa hiyo anayesema "nitoe kwanza, deni Mungu atafungua mlango" ajue kila mwezi anaochelewesha, kiasi anachotakiwa kumlipa mwenzake kinapanda, na mwisho wa siku nyumba yake inakosa, watoto wanakosa na kutoa kwenyewe anashindwa. Mithali 22:7 ilishasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Mtu wa namna hii akilipa kwa haraka anarudi kuwa mtoaji mzuri mapema. Na kupiga hesabu sio kukosa imani jamani, Yesu mwenyewe kwenye Luka 14:28 kazungumzia mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara.

Nakubali upande wa pili una hoja zake na zingine ni nzito. Mithali 3:9 inasema mheshimu Bwana kwa malimbuko, yaani cha kwanza, sio kilichobaki. Na Mathayo 23:23 Yesu anawakemea waliotoa zaka mpaka za mnanaa na bizari huku wameacha adili na rehema na imani, lakini anamalizia kwamba na yale mengine wasiyaache. Hakufuta. Na hoja ya tatu ni ya maisha tu, kwamba mtu akizoea kusema "nikimaliza madeni ndo nitatoa" hamalizi, kila mwaka ana deni jipya na kutoa kumekufa. Hii ya tatu naikubali kabisa maana tunawaona. Kuna mtu kasimamisha fungu la kumi kwa sababu ya madeni lakini simu kabadilisha, sherehe anachangia, matembezi ya wikiendi hayajapungua hata kidogo. Huyo asijifiche nyuma ya hoja yangu. Mimi nasema kitakachoguswa mwisho kabisa ndo utoaji, kabla yake vikatwe vyote vya anasa, na anayekudai apigiwe simu aambiwe ukweli na tarehe, sio kukimbiwa.

Na sisemi mtu akae mikono mitupu. Sheria ya Musa yenyewe ilikuwa na nafasi ya mtu asiyeweza. Walawi 5, ukishindwa kondoo leta hua wawili au makinda ya njiwa, ukishindwa na hao leta unga kidogo. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni walitoa sadaka ya ndege, Luka 2:24, sadaka ya watu wa hali ya chini, na hakuna aliyewaambia wamemwibia Mungu. Paulo naye 2 Wakorintho 8:12, kama nia ipo hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Kwa hiyo wakati unalipa, toa kidogo ulichonacho kwa moyo, omba, hudumu kwa mikono yako, na fungu kamili lirudi deni likiisha.

Kuna anayeniambia kwamba hata sheria za dunia zinaheshimu utoaji kuliko mimi, maana Marekani mwaka 1998 walipitisha sheria inayomruhusu mtu aliyefilisika kuendelea kutoa kanisani mpaka asilimia 15 ya mapato yake ya mwaka bila mahakama kuwanyang'anya kanisa hizo hela wawalipe wanaomdai. Ni kweli hiyo sheria ipo. Lakini sheria inakuambia mahakama haitakugusa, haikuambii dhamiri yako iko safi mbele ya mtu uliyekula hela yake. Zaburi 37:21 imemtaja anayekopa wala halipi, na imemwita asiye haki. Haijaweka "isipokuwa kama anatoa zaka".

Jambo ambalo silikubali hata kidogo ni kukopa ili utoe. Watu wanakopa kwenye simu usiku wa Jumamosi ili Jumapili wasionekane wamepungua, au kwa sababu kuna ahadi waliandikishwa na majina yanasomwa mbele ya kusanyiko. Daudi alikataa kumtolea Bwana sadaka asiyoigharimia, 2 Samweli 24:24, sasa ya mkopo kaigharimia nani? Aliyekopesha. Na hapa viongozi wetu wanahusika, tusiwaogope kuwaambia. Huwezi kusoma orodha ya waliotoa na ambao hawajatoa halafu ushangae watu wanaingia kwenye riba.

Kanisa la kweli lingefanya kama Nehemia 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba, wengine watoto wao wameshakuwa watumwa, na waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe wa imani moja. Nehemia alikasirika, akawaita wakubwa mbele ya watu, akawataka warudishe mashamba na ile riba waliyotoza, wakarudisha. Na kumbukeni fungu la kumi lenyewe lilikuwa linafanya kazi gani, Kumbukumbu la Torati 14:28-29, kila mwaka wa tatu lilikuwa linawekwa ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Kwa hiyo mshirika aliyeingia kwenye deni kwa sababu ya ugonjwa au kufiwa, huyo kibiblia yuko karibu zaidi na kupokea kutoka kwenye fungu la kumi kuliko kukamuliwa. Ni makanisa mangapi yanaangalia hivyo?

Wengine mtasema namuweka mwanadamu mbele ya Mungu. Hapana. Marko 7 Yesu aliwakuta watu wanaosema mali hii nimeshaiweka wakfu kwa Mungu, kwa hiyo baba na mama siwezi kuwasaidia, akawaambia wanatangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Mungu mwenyewe alikataa kutumiwa kama sababu ya kutomtimizia mtu haki yake.

Sasa nawauliza wachungaji na wazee wa kanisa mliopo, na naomba majibu yenye maandiko. Mshirika kaja na bahasha ya fungu la kumi, imejaa, na wewe unajua kabisa mfanyakazi wake hajalipwa miezi miwili kwa sababu aliyekuja kukulilia ni yule mfanyakazi. Mathayo 5:23-24 inasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako pale, nenda kwanza upatane naye. Mimi naona bahasha hiyo irudishwe mkononi mwake siku hiyo hiyo, aende akalipe, aje na kilichobaki. Wewe unaipokea au unairudisha?