Wakuu, mahubiri yaliyomliza bibi niliandikiwa na simu. Naombeni ushauri

Kasia Moja:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katekista wa kigango kimoja huku Ukerewe. Padre anatufikia mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine naongoza ibada mwenyewe. Tangu mwaka jana, shamba likinizidi, naiomba akili mnemba mahubiri, nabadilisha maneno mawili matatu, nasoma.

Jumapili iliyopita niliomba mfano wa wavuvi. Ikaniletea mke wa mvuvi aliyebaki na mtumbwi ufukweni, kila masika anauziba nyufa utadhani mumewe anarudi. Baada ya ibada bibi mmoja, mumewe alizama ziwani, akanishika mikono analia: "Mwanangu, umenisemea." Tangu siku hiyo usingizi wa shida. Nimedanganya? Niseme au ninyamaze?

Mzee wa Gengeni:
Kwani vitabu vya mahubiri hamsomi? Bibi kafarijika, wewe unajitafutia kesi. Lala.

Chumvi Nyingi:
Shukuru yako haijajipa upadre. Aprili 2024 Catholic Answers, shirika la Kikatoliki la Marekani, walitoa padre wa kompyuta, "Father Justin". Akawa anawaambia watu yeye ni padre kweli, anaishi Assisi, Italia! Siku chache tu wakamvua upadre, akabaki Justin 😂

Mpwani Halisi:
Mimi Muislamu, nichangie kwa upande wetu. Hadithi ya Mtume haipokelewi kwa utamu wake. Inaulizwa isnadi: fulani kasikia kwa nani, naye kwa nani, mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Mpokezi mmoja akijulikana kwa uongo, matini iwe nzuri namna gani, haitegemewi. Mwanachuoni wa kale, Ibn al-Mubarak, alisema isnadi ni katika dini, bila hiyo kila mtu angesema atakalo. Sasa hiyo simu yako kapokea kwa nani? Nimewahi kuiuliza hadithi, ikanipa na namba yake kwenye Bukhari. Nikafungua kitabu, hakuna kitu! Vitabu vya mahubiri anavyosema mzee hapo juu vina mwandishi, akikosea anashikwa. Hapa utamshika nani?

Mwalimu wa Zamu:
Vatikani walitoa waraka tarehe 28 Januari 2025, *Antiqua et Nova*. Hawajaikataa hii teknolojia. Wanasema tu isichukuliwe kuwa akili ya binadamu ya bandia, ni zao la akili ya binadamu. Kwa hiyo kosa lako si kuitumia, mkuu. Ni kwamba bibi alidhani umeongea wewe.

Mzee wa Gengeni:
Na akiambiwa, akaumia upya? Nyie mtakuwepo?

Kasia Moja:
Mrejesho, wakuu. Nimekwenda kwa bibi jana jioni, nikamweleza yote. Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akachambua dagaa wake, kisha akauliza: "Kwa hiyo yule mama wa mtumbwi hayupo?"

Nikamwambia hayupo.

"Nilitaka uniambie anakaa kijiji gani, nimtembelee."

Sikuwa na jibu. Halmashauri ya kigango nitawaambia kikao kijacho. Leo simu nimempa mke wangu, nimekaa na daftari toka asubuhi. Nina mistari mitatu, na mmoja nimeshaufuta.